Bomba la Mita Tisa

Butembo, tarehe 6 Septemba 2025

Luc,

Fundi Mathe amefunga hesabu jana saa kumi alasiri: nyumba uliyoichora itakula dola 38,640, rangi haimo. Ameitamka bei hiyo mbele yangu na mbele ya mume wangu Kasonia, akaongeza kwamba inashika hadi mwisho wa mwezi huu tu, kwa sababu simenti inapanda kila lori linapolala mpakani Kasindi.

Wewe una 32,000. Devis, yaani hesabu yake iliyoandikwa, iko ndani ya bahasha hii, uisome mstari kwa mstari. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu unakata kila nikifika kwenye choo.

Basi tufike kwenye choo. Umeomba vyoo vinne vya kuvuta maji kwa watu saba. Mathe anasema vyoo vinne juu ya mteremko kama ule vinataka shimo la septiki lililojengwa kwa simenti pande zote, na shimo lingine la mawe la kunyonya maji. Bei yake ni 2,350. Mchoro wako haukuonyesha mteremko, kwa hiyo aliupima: kutoka mlango wako hadi ukuta wa nyuma wa nyumba ya baba, ambamo naishi, ardhi inashuka mita saba, kutoka kwangu hadi chemchem ya Mateteni, mita kumi na moja. Chochote utakachokiachilia juu kitapita kwangu kwanza, kisha kitaingia kwenye bidon za kuchotea maji za watu wa bonde. Huu ni mwaka wangu wa sita nikiwa mwenyekiti wa komite ya chemchem. Sitaki siku moja nisome jina la mdogo wangu mbele ya mkutano.

Balkoni ni 2,900. Nilimuuliza Mathe itatazama nini. Akajibu, "Itatazama choo ya Mama Jemima." Ukitaka ushauri wangu, anza kukata hapo.

Dada yako,
Jemima Kavugho


Beni, tarehe 11 Septemba 2025

Yaya Jemima,

Dereva wa Jumaine, mwenye lori, alinipa bahasha juzi ku soko, katikati ya bitunga byangu bya samaki ya Kyavinyonge. Nimesoma devis yote. Mathe anazani mimi iko minister.

Sikia hali yangu. Tangu babureau ya serikali ya province bahamie hapa Beni, banyumba imepanda bei mupaka mutu anaona haya kuuliza. Mwenye nyumba yetu, Lusenge, alikuja dimanche, batu bakitoka misa, akaketi, akakunywa chai ya bibi yangu Séphora, akasifu batoto, njo akasema: "Papa Luc, mwisho wa décembre nitaomba funguo." Tuko batu saba mu vyumba viwili, na hata ivyo viwili kuko mutu anavitaka.

Donc kata hivi. Dari ya mbao, 2,700, tutaweka kisha. Ukuta wa kuzunguka parcelle, ile kiwanja yangu, 1,700, kisha. Shimo ya septiki, 2,350, toa kabisa. Mathe anajua ginsi banafanyaka ku mulima yetu. Umwambie tu "ile ya kawaida", atasikia.

Balkoni inabaki. Ile siku tulikimbia Mangina na matelas, godoro yetu, ku kichwa, nilimuahidi Séphora kama siku moja ataketi juu na kutazama batu banapita chini. Vyoo pia vinabaki vinne. Huku tunapanga foleni na majirani, kila mutu na karatasi yake ku mukono, mutoto analia, mwingine anagonga mulango. Nimechoka na ile foleni kuliko vita.

Na yaya, dada yangu, usikuwe unaongea mambo ya choo na bafundi. Iko kazi ya wanaume.

Mudogo wako,
Luc Muyisa


Butembo, tarehe 19 Septemba 2025

Luc,

Devis ya pili imetoka leo asubuhi: 31,975. Mathe amekata ulichosema kikatwe. Mahali pa shimo la septiki sasa pana mistari miwili. Wa kwanza ni shimo la kawaida la udongo, ambalo anasema ni zawadi yake kwako. Wa pili unasomeka hivi: bomba la milimita 160, mita tisa, na kofia, dola 85.

Nilimuuliza bomba hilo ni la nini.

"Ni ya hewa, Mama."

"Linatoka chini ya shimo na linashuka kuelekea matete ya chemchem. Hewa ya choo inapanda ama inashuka?"

"Hewa ya choo iko na akili yake, Mama."

Wasaidizi wake walicheka wakitazama miguu yao. Mmoja akasema, "Ngoja mvua ianguke, Mama Jemima, njo utaona ile hewa." Mathe akamtuma akalete kamba, na kamba ilikuwa mkononi mwa Mathe.

Nimeuliza mafundi wengine wawili wa mtaa. Wote walipata haraka ya ghafla. Nimemuuliza Kasonia, akasema nile kwanza, bukari inapoa. Ndani ya wiki moja nimeuliza wanaume wanne kuhusu bomba la dola 85, na hakuna hata mmoja aliyenitazama machoni. Hiyo inanichukiza kuliko bomba lenyewe, ambalo bado silijui.

Siweki jina langu chini ya karatasi nisiyoielewa. Niambie wewe ni la nini, kwa maneno ya kawaida, kama unavyomwambia mtu bei ya samaki.

Jemima


Beni, tarehe 25 Septemba 2025

Yaya,

Signature ni yangu, hapana yako. Nimeisha kuweka. Dereva wa Jumaine ana 9,000 ya kuanza. Mathe ayipokee mbele yako, muhesabu, aanze lundi, tarehe 29, kuchimba musingi na mitaro.

Bomba ni bomba. Ku mulima yetu kila nyumba iko nayo na hapana mutu amekufa. Wewe angalia matofali kama imeiva.

Lusenge alileta mutu jana kutazama vyumba vyetu. Séphora alikuwa anaogesha mutoto. Ule mutu akapita kati yao akapima dirisha.

Luc


Butembo, tarehe 13 Oktoba 2025

Luc,

Mtoto wa Hadjara amefariki jana, Jumapili. Muuguzi wa kituo cha afya ndiye aliyenithibitishia leo, na amesema watoto wengine kumi na mmoja wa bonde wanahara na kutapika. Hadjara unamfahamu: ni yule aliyekuwa anakuuzia mafuta ya mawese kule Mangina. Alikuja Butembo mwezi wa saba na amepanga chumba karibu na chemchem, kwa sababu aliambiwa maji ni ya bure. Mtoto alikuwa na miaka mitatu. Wamemzika jana hiyohiyo, kabla ya jua kuzama.

Sasa nakueleza nilichokiona kwa macho yangu.

Alhamisi tarehe 9, baada ya saa nane, tulikuwa wanawake sita wa komite tunasafisha mfereji wa Mateteni. Mvua ikaanguka kubwa. Tukajibanza chini ya bati la duka. Haikupita nusu saa, maji yakaanza kushuka kutoka kwenye matete, mahali ambapo hakuna njia ya maji. Yalikuwa ya kahawia, na harufu ilitangulia. Yaliingia moja kwa moja kwenye beseni la chemchem, juu ya yale mabomba mawili ya kuchotea ambayo komite iliyanunua kwa michango. Niliona karatasi. Niliona ngozi za nyanya na punje za mahindi, nzima, nyingi. Kinyesi nitakiita kinyesi, kwa sababu wewe hutaki kukiita.

Hakuna aliyepiga kelele. Gracieuse, mweka hazina wetu, alitazama, akafuta uso kwa kitenge, akasema, "Leo bamekula mahindi kule juu." Wengine wakacheka kidogo. Walikuwa wanajua, Luc. Si wote kwa maneno, ila walikuwa wanajua.

Unakumbuka mama alivyotufundisha: baada ya mvua kubwa, maji ya kunywa hayachotwi siku mbili, chemchem inapumzika. Nilidhani ni heshima ya wazee kwa maji. Nimewafundisha binti zangu. Nimeiweka kwenye kanuni za komite, kanuni ya nne, na padri aliisifu. Sasa nimeona ni nini kinachopumzika mle. Wanaume wanafungua, wanawake wanangoja siku mbili, na jioni wanakula pamoja bila neno.

Watu waliokimbia vita hawana mama wa mlima huu wa kuwaambia wangoje. Hadjara alichota Alhamisi hiyohiyo saa kumi na moja. Alifurahi kwamba hakukuta foleni.

Ijumaa nilimshika Mathe kwenye msingi wako na sikumwachia mpaka aliposema. Bomba linatoka chini ya shimo. Kofia inafunguliwa wakati wa mvua kubwa, shimo linajimwaga, kofia inarudishwa. Anaita hiyo "ile ya kawaida". Choo kisichojaa kamwe, dola 85.

Nimesimamisha kazi yako. Bomba lako limelala kwenye mtaro, halijafunikwa. Usinitumie dola moja zaidi mpaka shimo la septiki lirudi kwenye devis.

Jemima


Beni, tarehe 18 Oktoba 2025

Yaya Jemima,

Nilisikia habari ya mutoto wa Hadjara kwa batu ya Mangina mbele ya barua yako. Nimetuma kilo tano ya samaki na pole. Usizani mimi ni jiwe.

Lakini umesimamisha kazi yangu kwa bomba gani? Nyumba yangu haina choo hata kimoja. Haina ukuta. Iko shimo na kamba. Ile jeudi, ile Alhamisi yako, mavi ilitoka mu nyumba yangu ginsi gani? Wewe unapenda kuhesabu, hesabu basi. Uliandika mwenyewe: kutoka kwako mupaka chemchem ni mita kumi na moja. Kati yako na chemchem kuko nyumba ya nani? Hapana mutu. Kuko matete tu.

Enda nyuma ya nyumba ya baba. Pita kisima ya zamani, shuka mu matete, hatua chache, utakuta bomba ya baba. Mathe njo aliifunga mu mwaka ya 2009, ile mwaka baba aliuza ngombe wawili na sisi wote tukazani ni kwa kulipa minerval ya shule. Mimi nilishika taa. Mvua ikianza, baba ananiamsha: "Luc, tuende tukatazame migomba." Hapana migomba tulikuwa tunatazama. Ninyi basichana mulikuwa mu kitanda, na asubui mama anasema chemchem inapumzika.

Kisha mimi nikaenda Mangina. Baba akazeeka. Wewe ukabaki mu ile nyumba na bwana yako. Choo yenu imejaa mara ngapi, yaya? Umeshaka kuita mutu wa kuitapisha hata siku moja? Mbele ya kuniandikia neno "kinyesi", uliza shemeji Kasonia anaendaka wapi mvua ikianguka.

Nilikuwa nataka kukulinda na ile habari. Wewe njo ulinisukuma.

Lusenge amechukua avance, feza ya kwanza ya ule mutu. Mwisho wa décembre ni mwisho. Niambie kazi inaendelea.

Luc


Butembo, tarehe 24 Oktoba 2025

Patron Luc,

Mimi si mutu wa kuandika. Mama Jemima alisema kama siandike mimi, ataandika yeye, na yake itakuwa kali. Donc naandika.

Mardi, tarehe 21, mvua ilianguka mingi. Kesho yake, mercredi asubui, Mama akanipigia simu: "Mathe, kuja unioneshe bomba ya baba." Nikasema, "Mama, bomba gani?" Akasema, "Ile uliifunga mu mwaka ya 2009." Patron, nilikuwa nataka kukana, lakini mutu akikutajia mwaka unakana ginsi gani?

Tukashuka mu matete. Nilileta jembe, ikakosa kazi. Kulikuwa kajia kadogo, kamekatwa muzuri, kama ka mutu anapitaka kila mara. Mama akasimama akatazama kale kajia. Tukafika ku bomba. Kofia ilikuwa imekazwa na mupira ya baiskeli, mupya. Chini yake ilikuwa bado mbichi, ya jana. Nzi ilikuwa mingi. Mama akafungula ule mupira na mikono yake, akatoa kofia, akaenda nayo. Nikamufuata, maana sikujua anaenda kupiga nani.

Papa Kasonia alikuwa ku meza, anakula bukari na sombe. Mama akaingia na buti yake yote, na ile matope ilikuwa hapana matope tu, unanisikia. Akaweka kofia ku meza, kando ya sombe.

Papa Kasonia akatazama kofia, akanitazama mimi. "Mathe, unaleta bintu ya namna hii mu nyumba yangu?"

Nikasema, "Papa, iko mu nyumba yako tangu zamani."

Mama akamuuliza, "Ulifungula lini?"

"Jana. Ilikuwa imejaa, Mama. Ningefanya nini?"

"Na mbele ya jana?"

"Ile jeudi."

"Ile jeudi ya mutoto wa Hadjara."

Papa Kasonia akasukuma sahani. Kisha akasema baba yenu alimuonesha mbele ya kufa. Alimushika mukono, akamwambia: "Hii ni kazi ya mukwe sasa. Wanawake hapana jua." Alisema alizani kukataa ni kumutukana muzee.

Mama akaenda ku bidon yenye alichota yeye mwenyewe asubui ile. Akajaza kikombe, akamuwekea. Akasema, "Kunywa."

Papa Kasonia akasema, "Hapana, Mama. Tungoje kesho. Bado siku ya pili."

Mama akasema, "Mutoto wa Hadjara hakungoja."

Mimi nikatoka. Kikombe ilibaki ku meza, sijui ilifika wapi. Tangu ile siku Mama anapika, Papa Kasonia anakula, Mama hapana kula ku ile meza.

Sasa kazi. Bomba yako iko mu mutaro, sijafunika. Nifunike ama nisifunike? Nangoja neno yako. Mama ananitazama kila nikipita. Na usinikasirikie mimi, Patron. Mulima yote karibu nilifunga mimi, na kila mutu aliniomba ile ya kawaida. Hapana mutu hata mumoja aliniomba ingine.

Fundi wako,
Mathe


Beni, tarehe 30 Oktoba 2025

Yaya Jemima,

Mathe aliniandikia. Nilisoma mara mbili, kisha sikukula samaki.

Séphora pia alisoma. Nilikuwa nimeficha barua zako chini ya magunia, akazipata. Hakunifokea. Aliniuliza tu: "Kule ku balkoni, nilikuwa nitatazama nini?" Nikamwambia batu banapita. Akasema, "Na bidon ku kichwa." Kisha akaenda kulala na batoto.

Nasikia unataka kupeleka mambo ku komite na ku chef wa quartier, mukubwa wa mutaa. Yaya, nakuomba. Funga ile ya baba polepole, wewe na Mathe, siku bila batu, na mimi nitatafuta ginsi ya kufanya ile yangu. Baba alichanga mbao ya kanisa. Batu ya mulima banamutaja mu misa. Ukifungula matete mbele ya quartier, utamuzika mara ya pili, na hii mara bila padri. Na Hadjara akisikia ilitoka mu nyumba ya nani, utamwambia nini? Mutoto hatarudi. Jina yetu njo itaenda.

Bei yako ya septiki sina. Nimehesabu kila namna. Kama nitaiweka, nakosa mabati. Kama nakosa mabati, mwisho wa décembre naweka batoto mu mvua.

Nijibu.

Luc


Butembo, tarehe 5 Novemba 2025

Luc,

Chef wa quartier ameamua jana, Jumanne, mbele ya watu karibu sitini: mabomba yote ya mlima wetu yatazibwa kwa simenti, mchana, mbele ya komite na mbele ya watu wa bonde. Mathe alikuwepo. Alitaja mabomba ishirini na matatu bila kusoma popote. Kumi na tisa aliyafunga yeye.

Hadjara nilimwambia Jumatatu, kabla ya mkutano, nyumbani kwake. Nilimwambia maji ya Alhamisi ile yalitoka kwangu, nikamtajia nani alifungua na saa ngapi. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Na mimi nilikuwa nawashukuru kwa maji ya bure." Hakuniomba niketi. Jana alikuja mkutanoni, akakaa nyuma, na wanaume walipoanza kuulizana nani atalipa simenti, alisimama akatoka. Hapo ndipo chef alipokata shauri.

Kuhusu baba. Jina lake litatajwa mara moja, na chef, kama mwenye parcelle. Mimi sitaongeza neno. Lakini usiniombe nifiche. Nimekunywa maji hayo miaka yote, nimewapa binti zangu, nimewapa wageni, nimempa padri aliyesifu kanuni ya nne. Mliniacha nikiongoza mkutano wa maji safi huku mnapokezana kofia, baba, wewe, na mume wangu, kama watu wanaoachiana shamba. Sina neno jingine isipokuwa uchafu, na sisemi wa shimo.

Kasonia atashika koleo siku ya kuziba. Hajaulizwa kama anataka.

Sasa nyumba yako. Nimekaa na Mathe juzi tangu saa mbili hadi saa saba, na hii ndiyo devis ya tatu. Tumeanza na ile ya kwanza, 38,640, ambayo Mathe ameishikilia kwa kuwa ulilipa kabla mwezi wa tisa haujaisha, na ambayo dari, ukuta na shimo la septiki vimo. Balkoni imetoka. Vyoo viwili vimetoka pamoja na douche zao za kuogea, dola 1,300 kila kimoja. Vimebaki viwili, na foleni ya watu saba kwa vyoo viwili haijawahi kuua mtu. Karo za ukutani, vile vigae ulivyotaka kwa nje, zimetoka, 1,340. Inabaki 31,800. Mabati yamo. Una 32,000. Nilipomsomea Mathe jumla hiyo alikuna kichwa akasema, "Kumbe ilikuwa inaenea." Ndiyo, ilikuwa inaenea tangu mwezi wa tisa.

Hata hivyo nyumba haitamalizika mwisho wa Desemba. Nyumba ya baba ina vyumba viwili ambavyo Kasonia alivijaza maharagwe ya kuuza ya Musienene. Maharagwe yataondoka. Séphora na watoto waje tarehe 20 Desemba, kabla Lusenge hajaomba funguo. Watakikuta choo changu kimefungwa. Tutatumia cha jirani mpaka shimo langu la septiki likamilike. Devis yangu ni 1,480, na naanza kulipa kwa maharagwe hayohayo.

Kanuni ya nne nimeifuta. Kwa sasa hakuna anayekunywa Mateteni, iwe siku ya pili au ya kumi. Vijana wa komite wanasimama pale zamu kwa zamu kuwaambia wageni.

Sahihi yako kwenye devis ya tatu naingoja hadi Ijumaa tarehe 14 Novemba. Isipofika, Mathe ataondoa kamba zake kwenye parcelle yako, ameshaniahidi.

Mabomba yanaanza kuzibwa Jumamosi tarehe 15, saa tatu asubuhi, kutoka chini kwenda juu. La kwanza ni la baba. La mwisho ni lako, lile la mtaroni, ambalo halijatumika. Hilo litatolewa mbele ya watu na utarudishiwa dola 85 zako. Ukija, leta buti. Mvua ikinyesha, tutaanza hivyohivyo.

Jemima Kavugho